Tanuri Halisafishwi na Mtu Mmoja

Jumatatu, kabla hata ya saa tatu asubuhi, Talatala nzima ilikuwa imeshajua kwamba Damaris, mkamwana wa Mzee Zabroni, amemuua mama mkwe wake kwa moshi. Ilipofika saa nne ikajulikana kwamba marehemu hajafa: yuko zahanati, ametapika, kichwa kinamgonga, na ameomba uji. Lakini ile habari ya kwanza ilikuwa tamu zaidi, na watu waliendelea nayo hivyo hivyo mpaka adhuhuri.

Damaris hakuwa na nafasi ya kumkanusha mtu. Ndiye aliyemkuta. Alikuwa anatoka kuteka maji, mvua inanyesha, akaona mlango wa banda la kokoa umefungwa na madirisha yote mawili yamefungwa. Aliposukuma mlango akamkuta mama mkwe wake, mama Tulinagwe, amelala chali kando ya kichanja, reki ya kugeuzia kokoa bado mkononi, macho yamefunguka lakini hayamwangalii mtu. Alimshika makwapa, akamburuta mpaka uani, akamlaza palepale kwenye hewa na mvua, ndipo akapiga ukunga.

Banda lenyewe lilikuwa la Damaris, na kila mtu alijua hivyo. Nyuma yake, kwa nje, kulikuwa na tanuri la matofali la kulishia kuni. Kutoka kwenye tanuri bomba nene la bati liliingia ndani, likapita chini ya kichanja cha wavu, likatokea upande wa pili na kusimama kuwa dohani. Moshi ulipita ndani ya bomba ukaenda zake. Kokoa ilipata joto tu. Kwa mvua za Kyela, ambazo hazijui kupumzika, wenzake walikuwa wakianika kokoa asubuhi na kuianua mchana ikiwa imeloa kuliko ilivyotoka. Damaris alikausha mvua ikinyesha. Hilo peke yake lilitosha kumpatia maadui.

"Mama Jubilate!" Felista, jirani, alimwita Damaris, ameshapanda juu ya gogo kuchungulia uzio. "Ni kweli hilo dude lako limekula mtu?"

"Limekula nani? Mama yuko zahanati anakunywa uji."

"Uji wa kupona au wa kuagia?"

"Nenda ukamwonjee, Felista, halafu urudi utuambie."

"Aa, mimi siendi. Nasikia ukimgusa na wewe unaanza kusinzia." Felista akashusha sauti, ile sauti yake ya chini inayosikika nyumba tatu. "Watu wanasema si moshi, mama Jubilate. Wanasema ulikuwa unalilisha, sasa limedai nyama."

Damaris alichota jivu kwa kijiko cha bati akalirusha upande wa uzio. Felista alishuka gogoni haraka kuliko alivyopanda.

Mchana alikuja Bwana Afya wa kata, Jovitus, mtu wa Kagera aliyehamishiwa huku mwaka juzi na ambaye hadi leo hajaizoea mvua yetu. Aliegesha pikipiki, akafungua mlango na madirisha ya banda, akasubiri nje kwa muda mrefu kabla ya kuingia, na alipoingia alitoka upesi.

"Mama, hii ni hewa yenye sumu," alisema. "Haina rangi, haina harufu. Moshi unaouona unaukimbia. Hii huioni. Mtu anadhani ana usingizi tu, anakaa chini kidogo apumzike, basi. Mama mkwe wako, ungechelewa ndoo moja zaidi, tungekuwa tunaongea mambo mengine."

"Nimekausha kwa tanuri hili misimu miwili, Bwana Afya. Halijamdhuru mtu."

"Basi kuna kitu kimeharibika. Ijumaa saa nne narudi na mtendaji. Unionyeshe ubovu uko wapi na umetengenezwaje. Ukishindwa, linabomolewa, na vijana wa kubomoa nitakuja nao mimi."

"Ijumaa kokoa yangu nyingine inatoka kwenye masanduku ya kuvundikia. Isipopata joto siku hiyohiyo inaota ukungu."

"Mama," alisema Jovitus, akivaa kofia yake ya pikipiki, "ukungu hauchimbiwi kaburi."

Jioni simu ikalia. Godlove, mumewe, alikuwa Karonga, ng'ambo ya mpaka, alikokwenda na mchele na alikotarajia kurudi na vitenge.

"Damaris, nimeambiwa na watu watano. Watano! Wawili siwajui hata majina."

"Mama anaendelea vizuri."

"Sijauliza hilo, hilo nimeshaambiwa. Nauliza hilo tanuri. Libomoe."

"Silibomoi."

"Damaris."

"Nikilibomoa nitakuwa nimekubali kwamba nilitaka kumuua mama yako. Nitabaki nimekaa hapa na matofali yangu, na jina hilo nimelivaa. Godlove, najua lina kasoro. Niache niitafute."

"Nikija Ijumaa nikikuta limesimama, nyundo ninayo."

"Njoo nayo," alisema Damaris, na akakata simu yeye kwanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Sasa hapa lazima isemwe habari ya Mzee Zabroni, maana asiyekuwa wa hapa hataelewa.

Damaris alikuwa ameolewa katika ua ule miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo yote alikuwa hajawahi kuuona uso wa baba mkwe wake. Ndiyo, siku hizi wasichana wa Kyela mjini wanakula meza moja na wakwe zao na kupiga nao picha. Kwa Mzee Zabroni mambo yalibaki kama yalivyokuwa kwa baba yake. Mkamwana hamtazami baba mkwe, hamtaji jina, haongei naye, wala hawapishani njiani. Uzio wa mianzi ulikata ua katikati. Mzee alipotaka kupita kuelekea bondeni alisimama kwenye kona ya uzio akakohoa kikohozi kimoja kikavu, na Damaris, hata kama ameshika sufuria ya moto, alijitanda khanga usoni akazunguka nyuma ya nyumba. Chakula alikipika yeye, kikapelekwa na mama Tulinagwe. Salamu zilipita kwa mama Tulinagwe. Kila kitu kilipita kwa mama Tulinagwe.

Na huyo mzee, kabla hajarudi kulima, alikuwa mtu wa moto. Miaka ishirini na miwili alilisha na kutengeneza tanuri la kukaushia majani katika kiwanda cha chai huko juu Rungwe. Damaris alilijua hilo kama anavyojua kuna mlima nyuma ya mawingu. Halikumfaa kitu.

Jumanne asubuhi alikaa juu ya kipande cha tofali mbele ya tanuri, hajui aanzie wapi. Aligusa mlango wa chuma, akauacha. Akachungulia dohani. Kwenye kona ya uzio kikohozi kikalia. Mikono yake ikapandisha khanga yenyewe, miguu ikasimama, tayari anakwenda.

"Meneja!" sauti ya mzee ikasema, ng'ambo ya mianzi. "Meneja, kaa hapo. Leo nina maneno na wewe."

Meneja alikuwa mbwa wa mzee. Jina hilo alipewa kwa heshima ya meneja mmoja wa kiwandani, na heshima yenyewe ilikuwa ndogo.

"Wewe ni mbwa mjinga, Meneja. Mbwa mwenye akili angeona tangu Jumamosi kwamba moshi wa dohani umegeuka. Ulikuwa mwepesi, unapanda. Sasa ni mweusi, mzito, unashuka juu ya paa kama mlevi anayetafuta pa kukaa. Moto unaofanya hivyo umekosa pumzi. Na moto uliokosa pumzi, Meneja, unatoa sumu."

Damaris hakwenda. Alibaki amesimama, khanga usoni.

"Utaniuliza, mzee, kama uliona, mbona hukusema? Nilisema, Meneja. Nilimwambia mtu amwambie mtu. Mtu hakumwambia mtu."

Mbwa akajikuna. Damaris alitazama huku na huku. Karibu na mguu wake kuku wa kienyeji alikuwa anaparura jivu.

"Wewe kuku," alisema Damaris, na sauti ilimtoka nyembamba kama ya mgeni. "Wewe kuku hukuambiwa neno na mtu yeyote."

Upande wa pili mzee alivuta pumzi ndefu.

"Haya, Meneja. Sikiliza basi, sirudii. Tanuri likiwa na kosa, kwanza linaachwa lipoe. Siyo vuguvugu, lipoe, ulalie mkono kwenye tofali usisikie kitu. Milango wazi, madirisha wazi, usiku na mchana. Hakuna kuingiza kichwa kwenye mdomo wa tanuri kuchungulia, hata kama unadhani limezimika. Likishapoa unatoa majivu yote, unatafuta mahali hewa inapoingilia. Kila tanuri lina pua. Anza na pua."

"Umesikia, kuku?" alisema Damaris.

Jumatano tofali lilikuwa baridi. Alijifunga kitambaa puani, akatoa majivu debe moja na nusu, akapiga magoti kutafuta pua ya tanuri. Fundi aliyelijenga alikuwa ameacha matundu manne chini ya mdomo, kila moja linaingia ngumi. Damaris alipapasa. Ukuta ulikuwa laini kama shavu.

Alileta maji akaosha masizi. Chini yake ulitokea udongo mweupe, ule mzuri unaochimbwa bondeni, umepakwa vizuri, umesawazishwa, na juu yake umechorwa mistari ya mawimbi kwa vidole vitatu. Hakuhitaji kuuliza. Mawimbi yaleyale yalizunguka kuta za nyumba ya mama Tulinagwe, chini ya madirisha, na kila mwanamke wa kanisani aliyepita aliyasifu. Jumamosi ya juma lililopita kina mama wa kanisa walikuja kusali pale nyumbani. Mama Tulinagwe alikuwa amefagia ua mara mbili, amepaka kila kitu kinachopakika, na alipofika kwenye tanuri akakuta matundu manne yanamwaga majivu mbele ya wageni. Akayaziba. Akayapamba.

Damaris aliyatazama yale mawimbi kwa muda. Angeweza kumwita Felista pale pale juu ya gogo lake, amwonyeshe, na kufikia adhuhuri jina lingekuwa limemtoka yeye na kumhamia mwingine. Alichukua tindo, akazibua matundu, moja, mawili, matatu, manne, akaupondaponda ule udongo mpaka mawimbi yasionekane.

"Kuku," alisema, "matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa."

"Meneja, muulize kuku yalizibwa na nani."

"Kuku hajui."

Ng'ambo fimbo ya mzee iligonga chini mara moja, na Damaris alijua kwamba amejua.

"Haya, Meneja. Matundu peke yake hayamwangushi mtu ndani ya banda. Sumu ilitoka tanurini, lakini iliingiaje kwa kokoa? Bomba lina mdomo mahali. Fanya hivi: ziba madirisha kwa magunia, maana moto umezimwa hakuna hatari, banda liwe giza. Washa tochi, isukume ndani ya bomba kwa mti mrefu. Halafu tazama bomba kwa nje."

Alifanya hivyo. Gizani tochi ilipopita ndani ya bati, bomba lilikuwa zima, zima, zima, halafu kwenye kiwiko, pale linapopinda kupanda dohani, pakawaka utepe mwembamba wa mwanga, mrefu kama kidole, na vitone vitano sita pembeni yake. Damaris alikaa chini. Mahali pale alipajua. Mwezi wa tatu aliona moshi kidogo unavuja hapo, akafunga kitambaa, akakandika udongo juu yake, akajiambia atakuja kununua bati siku nyingine. Hapo hapakuwa na vidole vya mtu mwingine.

"Kiwiko kimepasuka, kuku," alisema. Halafu, kwa sauti ya juu zaidi: "Nilikifunga kitambaa mimi mwenyewe."

"Kitambaa!" mzee alifoka, akamsahau mbwa. Kisha akamkumbuka. "Meneja! Kitambaa kwenye bomba la moto! Mbwa asiye na haya!"

Alhamisi asubuhi, Kyela mjini, fundi bati aliutazama mchoro wa kiwiko alioleta Damaris huku akiwakonyeza waliokaa kwenye benchi.

"Ndiye yule," alisema mmoja. "Wa tanuri."

"Mumeo anajua kwamba umekuja?" fundi akauliza.

"Kwani kiwiko anavaa mume wangu?"

Wa kwenye benchi wakacheka, safari hii upande wake. Fundi hakucheka. Wateja wengine walikuwa wanachukua vitu vyao na kuahidi kulipa Jumamosi. Damaris alitakiwa kuweka hela yote mezani kabla ya mkasi kugusa bati. Aliiweka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasubiri mpaka mshono wa mwisho ukunjwe, akakiinua kiwiko juani na kuchungulia ndani mbele ya wote. Mwanga uliingia upande mmoja na kutokea wa pili tu.

"Ndaga," alimshukuru kwa lugha ya kwao, na akaondoka nacho begani.

Alhamisi mchana kilikuwa kimebaki kitu kimoja, nacho ndicho kibaya kuliko vyote. Kiwiko cha zamani kilikaa ndani kabisa, kwenye uchochoro wa matofali chini ya kichanja, mahali ambapo mtu anaingia kwa tumbo na kutoka kwa kurudi nyuma. Masizi ya misimu miwili yalikuwa humo.

"Meneja," alisema mzee, na sauti yake safari hii haikuwa na mzaha. "Hapo haingii mtu peke yake. Kiwandani ilikuwa sheria, na sheria hiyo hatukuandikiwa na mzungu, tuliiandika wenyewe baada ya kumtoa mwenzetu mmoja anaitwa Tusajigwe, aliyeingia peke yake wakati wa chakula. Tanuri halisafishwi na mtu mmoja. Mmoja anaingia na kamba kiunoni. Wa pili anashika kamba mlangoni, anamtazama, anamsemesha. Asipojibu, anavuta."

Damaris alikwenda kwa Felista.

"Mimi? Nikushikie kamba? Halafu ukifia humo niambiwe nilikuwa nakuongoza?"

Alikwenda nyumba mbili zaidi. Kwenye moja mwenye nyumba alikuwa yupo, anapika, lakini Damaris aliambiwa na mtoto kwamba mama ametoka. Mama Tulinagwe alikuwa bado zahanati. Damaris alirudi, akasimama mbele ya banda. Mawingu yalikuwa yanashuka toka milimani kwa upande wa Matema.

"Meneja, mwambie kuku angoje kesho, labda atapatikana mtu."

"Kesho ni Ijumaa," alisema Damaris.

Hakumwambia kuku. Alikuwa ametembea mpaka kwenye uzio. Kulikuwa na kilango cha mianzi hapo, kimefungwa kwa kamba ambayo haikufunguliwa tangu alipoolewa. Aliifungua.

"Tata," alisema, akimwita baba kwa mara ya kwanza. "Njoo unishikie kamba."

Ng'ambo kitu kilidondoka, kigoda au fimbo.

"Usiniite, binti," mzee alisema. "Rudi. Hujui unachofanya."

"Najua. Miiko inasema nisikuone uso, nami sijakuona miaka kumi na moja. Nimelea mtoto, nimeuguza, nimepika, yote nimejifunika. Mama alianguka mle bandani kwa sababu neno lako halikuweza kuvuka mianzi hii. Wewe uliona moshi, mimi nilikuwa hapa, hatua kumi. Hatua kumi, Tata! Sasa kama heshima yako inataka niingie humo peke yangu, sema, niingie."

Mvua ilianza kudondoka, matone makubwa, moja moja. Mzee Zabroni akatokea kwenye kilango, uso ameugeuzia ukutani, akatembea pembeni kama kaa mpaka mlangoni mwa banda, akaipokea kamba kwa mkono uliopitishwa nyuma ya mgongo.

"Ingia," alisema. "Nimeshika."

"Umenipa mgongo."

"Nimeshika, nimesema."

"Tata, ukinipa mgongo utajuaje nimezimia?"

Mzee aliivuta kamba kuijaribu. Shingo yake ilikuwa nyembamba, na mishipa ilionekana. Kisha, polepole, kama mtu anayegeuza mlango mzito wa chuma, aligeuka, akamtazama.

Damaris aliona masikio ya Godlove kwenye kichwa cha mzee, na kovu la moto kidevuni ambalo hakuna aliyewahi kumwambia habari yake. Hakujifunika.

"Kumbe u mfupi hivi," alisema Mzee Zabroni. "Sauti yako niliidhania ya mtu mrefu."

"Na wewe Tata, kikohozi chako nilikidhania cha mgonjwa."

"Ingia, ingia. Unisemeshe huko ndani. Ukichoka kusema, imba."

Akaingia kwa tumbo. Masizi yalimjaa machoni, bati la zamani likamkata kiganja, na kila mara sauti ilimfuata: upo? Nipo. Unafanya nini? Nalegeza. Umefika wapi? Mahali pa kitambaa, Tata. Kitambaa! Upo? Nipo. Alitoka mwenyewe, anarudi nyuma, mweusi mpaka kwenye meno, kiwiko kibovu mkononi, kisha akarudi ndani na kile kipya. Juu ya gogo, kwenye mvua, Felista alikuwa amesimama mdomo wazi.

Ijumaa saa tatu na nusu ua ulikuwa umejaa. Walikuja wengi kuliko wale ambao wangekuja kuona tanuri likibomolewa. Walikuja kumwona mkamwana aliyetazamana na mkwe. Wazee wawili walikaa pembeni wamenuna. Bwana Afya Jovitus alikuja na mtendaji na vijana watatu, akashangaa.

"Kuna msiba?" aliuliza.

"Bado," alijibu Felista.

Godlove alikuwa amevuka mpaka wa Kasumulu alfajiri, akapitia zahanati kumchukua mama yake. Aliingia amemshika mkono mmoja, na mkono mwingine ameshika nyundo, kama alivyoahidi. Mama Tulinagwe alikaa kwenye kigoda, kilemba kimefungwa vizuri. Hakumtazama mtu.

Damaris alimwonyesha Jovitus kiwiko kibovu, akasema palipopasuka na nani alipafunga kitambaa. Akamwonyesha matundu manne. Kisha akaweka kuni chache kavu, akawasha, akaacha moto ushike. Aliwasha mshumaa, akausogeza kwenye pua ya tanuri. Ulimi wa mshumaa ukalala, ukaelekea ndani, ukashikilia hapo hapo.

"Linavuta," alisema Mzee Zabroni kutoka nyuma ya watu. Watu wote wakageuka kumtazama, kisha wakamgeukia Damaris, kisha mzee tena.

Damaris alitupia majani mabichi juu ya moto. Dohani ikakohoa moshi mnene, mweupe, ukapanda. Jovitus, mlango na madirisha yakiwa wazi, aliingia bandani na mtendaji, wakainama, wakapapasa kiwiko kipya, wakatoka. Ndani hapakuwa na hata uzi wa moshi.

"Swali moja," Jovitus alisema, kalamu mkononi. "Matundu yalikuwapo misimu miwili. Nani aliyaziba?"

Damaris alifuta mikono kwenye khanga. "Yalizibwa. Yamezibuliwa."

"Mama, nahitaji kuandika."

"Andika yamezibuliwa."

"Niliziba mimi!" Mama Tulinagwe alisimama, kigoda kikaanguka. "Nini? Mnanitazama nini? Wageni wa Bwana wanakuja kusali, majivu yanamwagika kama kwa walevi, mlitaka nifanye nini? Niliziba, nikapaka, na nilipaka vizuri. Na maneno ya mzee kuhusu moshi sikuyapeleka, maana ningeambiwa nizibue, na wageni walikuwa hawajaondoka. Haya. Nimelala chali humo kwa kosa langu, siyo la mtu mwingine. Na anayesema huyu binti ana uchawi, aje aniambie mimi, nimeshapona."

Mmoja wa wazee alikohoa.

"Na lile la pili, mama Godlove? Mkwe na mkamwana kutazamana?"

Mama Tulinagwe alimgeukia mumewe. "Umemtazama?"

"Nimemtazama."

"Amekufa? Umekufa?" Akaokota kigoda, akakaa. "Basi."

Jovitus aliandika kwa muda mrefu. Mwishowe alisema tanuri libaki, kwa sharti: hakuna mtu kulala wala kukaa humo moto ukiwaka, masizi yatolewe kila baada ya mvuno, na litobolewe tundu kubwa juu ukutani, lisilo na kifuniko, ambalo hakuna mtu ataweza kulifunga, awe na wageni au asiwe nao.

"Nani atatoboa?" mtendaji aliuliza.

Watu wote wakatazama nyundo ya Godlove. Hata yeye aliitazama, kana kwamba ameikuta mkononi mwake sasa hivi. Damaris alimwonyesha mahali kwa kidole chenye masizi.

"Pale. Tofali nne."

Godlove alipanda juu ya ngazi, akaanza kugonga.

Jumamosi asubuhi banda lilikuwa linanukia kokoa, moto unapumua vizuri, mvua inanyesha kama kawaida yake. Damaris alikuwa mlangoni na reki. Felista alikuwa kwenye gogo lake, ndoo kichwani, hana haraka. Kwenye kona ya uzio kikohozi kikalia, kimoja, kikavu.

Mikono ya Damaris ikaanza kupanda kuelekea khanga. Akairudisha kwenye reki.

Kikohozi kikalia tena.

"Nimesikia, Tata," alisema Damaris, kwa sauti ambayo Felista hakuhitaji kuinamisha sikio ili kuisikia. "Pita. Tazama moshi kwanza, halafu uje uniambie mwenyewe."